Viti Viwili vya Kuazima

Barasa seremala ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. "Ati utaweka viti viwili, mtu akae, alie, aende nyumbani? Na hiyo ndiyo kazi? Ndugu yangu, hapa Kibera watu wanalia bure." Mafundi wenzake walicheka mpaka randa zikasimama. Shosho Wanjiru, bibi mwenye ploti ya vyumba nilikokuwa nimepanga kule Kawangware, alisema amesikiliza shida za wapangaji tangu awe mjane na hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu. Mchungaji wetu, kwa ule upole ambao wachungaji huutumia kukukatisha tamaa, aliniambia kwamba kazi hiyo tayari ina mwenyewe, na yuko mbinguni. Kaka yangu alipiga simu kutoka Bungoma kuuliza kama ni kweli nimetoka Ghuba nikarudi kusomea porojo.

Walikosea wote wanne. Nimestaafu juzi baada ya kufanya kazi ya ushauri nasaha kwa muda mrefu kuliko baadhi yenu mlivyoishi, na chumba changu nimewaachia kikiwa na watu wanaosubiri nje. Nyinyi washauri vijana mnaonirithi mmeniomba niwaandikie nilivyofanya kazi. Sitaandika juu ya vyeo, kwa sababu vyeo hata mtu aliyelala hupata. Nitaandika mambo yanayofaa.

Kwanza nilikotoka, maana nasikia mkisema nilikuwa na bahati. Nilikuwa na kichwa. Nilikuja Nairobi nikiwa kijana, nikabeba mawe kwenye mijengo, kisha nikaenda Ghuba, kule Uarabuni, kupakia mizigo katika ghala. Tulilala bwenini, vitanda juu ya vitanda. Mkenya mwenzangu wa kitanda cha chini siku moja aliacha kuongea. Hakuwa na homa wala hakuwa amelewa. Alikaa tu ukingoni mwa kitanda akiangalia viatu vyake. Mmoja alimwombea, mwingine alimfokea aache uvivu. Mimi nilikaa kando yake kila tulipotoka kazini, sisemi kitu, namenya vitunguu vya chakula chetu. Baada ya siku kadhaa alinyoosha mkono, akachukua kitunguu, akaanza kumenya. Kisha akaongea, na aliongea mpaka sufuria ikaungua. Pale nilijifunza mambo ambayo chuoni walinifundisha baadaye kwa maneno marefu: kaa kando ya mtu, usikae mbele yake kama askari, na mpe mikono yake kazi.

Niliporudi, wenzangu walinunua magari ya kuoshwa kila Jumapili. Mimi nilijiandikisha masomo ya jioni, nikapata diploma. Naam, diploma. Wenye digrii wamekuja kuniuliza wafanye nini na mteja asiyetaka kufungua mdomo, na nimewajibu bila kuwasumbua. Hiyo diploma niliitundika juu ya mlango, upande wa ndani, ili mteja aione akitoka. Akiiona akiingia anaogopa. Akiiona akitoka anafurahi kwamba hakuwa anaongea na mtu ovyo.

Msimamizi wangu chuoni alikuwa Madam Akinyi, mwanamke mfupi asiyependa maneno ya kujaza nafasi. Alinifundisha jambo moja ambalo nimelitumia kuliko yote. "Usizungukezunguke," alisema. "Ukitaka kujua kama mtu anafikiria kujiua, muulize kama anafikiria kujiua. Tumia neno lenyewe. Swali halimpi wazo. Linamwonyesha kuna mtu asiyeogopa jibu." Alinifanya nilitamke mbele ya darasa mpaka ulimi ukazoea. Mkicheka zoezi hilo, basi bado hamjakutana na siku mtakayolihitaji.

Jambo la pili alilosisitiza ni chumba kimya. Hapo, kwa heshima zote, alikuwa hajafika kwetu.

Vitu vyangu vya kwanza vyote vilikuwa vya kuazima. Barasa, baada ya kumaliza kucheka, alinipa viti viwili vya mbao vilivyokataliwa na mteja. "Nenda navyo. Ukishindwa, na utashindwa, unirudishie." Shosho Wanjiru alinipa pazia zito la kijani na chumba kimoja kwenye ploti yake ya mabati, cha pembeni kabisa, ambako hata kuku walikuwa wakimya. Mchungaji alinipa saa ya ukutani, pengine ili nijue muda wa kuacha. Nyote nawaambia, saa itundikwe ukutani ng'ambo ya mteja, uione ukimgeukia. Ukiangalia saa ya mkononi anadhani umechoka naye.

Siku ya kwanza waliingia watu watatu. Wa kwanza alitaka ajenti wa kumpeleka Qatar. Wa pili alikuwa na jino linalouma. Wa tatu, mama mmoja, alikaa muda mrefu bila kusema neno, nikadhani kazi imeanza, kisha akashukuru akaondoka. Alikuwa amekimbia jua.

Mteja wangu wa kweli alikuja siku zilizofuata, mwanamke aliyefua nguo za watu huko Lavington. Alianza kunieleza habari za mumewe, polepole, kwa sauti ya chini. Alipofika mahali pagumu akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza, kama nilivyofundishwa. Katika ule ukimya mzuri wa kitaalamu, sauti ikatoka upande wa pili wa mabati: "Mwache huyo! Mimi wangu nilimwacha!" Na sauti nyingine, ya mbali zaidi, ikauliza: "Wee Mama Njeri, kwani anasema nini? Sisikii!"

Mwanamke yule alijifunika leso usoni akaondoka, na sikumwona tena. Shosho Wanjiru aliwafokea wapangaji wake wote, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Nilikaa kwenye kiti changu cha kuazima nikafikiri. Chumba kimya kinafaa mahali penye kuta za mawe. Kwetu, kadiri mahali palivyo kimya ndivyo jirani anavyosikia vizuri.

Basi nikahama. Nilitafuta mahali penye kelele kuliko pote, nikapata Laini Saba, huko Kibera karibu na reli, kibanda kilichopakana na mafundi wa masanduku ya bati, yale wanafunzi wanayobeba kwenda shule za bweni. Nyundo zilianza asubuhi na kusimama wakati wa chai na wa chakula. Kibanda kilikuwa kimekosa mpangaji kwa muda mrefu kwa sababu hiyo hiyo, na mwenye kibanda alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji ushauri nasaha. Nikatundika pazia, nikatundika saa, nikapanga viti kando kwa kando, vikiangalia ukuta wa pembeni. Nyundo zikilia, mtu anaongea kwa sauti yake ya kawaida na hakuna sikio nje linaloambulia kitu. Zikisimama, tunahamia habari za mpira. Wateja wangu walijifunza hivyo bila kuambiwa. Mama analia juu ya mimba iliyoharibika, nyundo zinanyamaza, anapangusa macho, anasema, "Na hawa Gor nao, wamefungwa tena," nyundo zinaanza, anaendelea pale alipoachia.

Madam Akinyi alipokuja kunikagua, aliingia ameziba masikio. "Hiki ni nini?" alipiga kelele. Nilimwambia akae, aniambie jambo asilopenda watu wajue. Alinitazama, akakaa, akaniambia. Kisha nikamwomba atoke nje awaulize waliokuwa kwenye benchi wamesikia nini. Alirudi anatabasamu, na chuoni, nimeambiwa, alianza kuwafundisha wengine habari ya Laini Saba kama vile aliigundua mwenyewe. Simlaumu. Wazo zuri halikosi wazazi.

Mikono ya wateja niliipa maharagwe. Sinia moja katikati ya viti, maharagwe ya kuchambua, mawe upande huu na makapi upande ule. Wanawake walianza bila kuombwa. Wanaume walijifanya hawayaoni, kisha nikishughulika na pazia, vidole vinaingia. Msiweke boksi la tishu mbele ya mtu, ni kama kumwambia alie haraka. Weka maharagwe. Na maharagwe hayo nilipoyapika na mahindi kuwa githeri nyumbani, hayakuwahi kumvunja mtu jino.

Sasa kuhusu Barasa. Ameniruhusu kuandika, na jina akaniambia niweke lake la kweli. "Laini Saba yote inajua vitanda vyangu vilikuwa vifupi," alisema. "Utamficha nani?"

Karakana yake ilikuwa Sarang'ombe, mwendo mfupi kutoka kwangu. Kila nilipopita alinisalimu kwa salamu ya kwetu Bungoma na kunitania. "Dakta wa Maneno! Mulembe! Leo umeliza wangapi?" Nami nikamjibu kwamba viti vyake vinauma makalio kuliko shida za watu. Tuliishi hivyo kwa miaka. Kisha bintiye Nekesa, aliyekuwa shule ya msingi, akaugua, akafa. Watu walichangia wampeleke nyumbani Bungoma. Barasa alikataa jeneza la kununua. Alilitengeneza mwenyewe. Wazee walimwonya kwamba baba hapigi msumari kwenye jeneza la mtoto wake, akawaambia kwamba seremala mwingine atamfanyia mtoto kazi mbovu. Nilikuwepo. Hakulia pale karakanani, hakulia kwenye mazishi, na tuliporudi Nairobi alifungua kazi siku iliyofuata. Watu wakamsifu. Mimi sikumsifu, lakini sikusema kitu, maana huzuni ya mtu haina ratiba.

Miezi ilipita. Siku moja Mama Kevo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alisimama katikati ya njia akiwa na hasira. "Dakta, hebu niambie. Nimenunua kitanda kwa Barasa. Mzee wangu akilala miguu inatoka nje, kama kuku amefungwa kwa baiskeli! Nimerudi kumwambia, ananiangalia tu." Watu wakacheka. Mwingine akasema na chake pia ni kifupi. Mwingine akasema Barasa siku hizi anaiba mbao, mwingine akasema ni pombe, na mwingine, kwa sauti ya chini, akasema ni ile misumari aliyopiga kwenye jeneza la mtoto wake.

Nilikwenda karakanani nikamsalimu. Hakunitania. Hiyo peke yake ilinitosha kukaa chini. Nilimtazama akifanya kazi. Seremala wa vitanda hatumii tepu kila mara, anakata ufito mmoja wa urefu wa kitanda, akautumia kupimia mbao zote. Barasa alikuwa na fito mbili zimeegemea ukuta, mmoja mrefu umejaa vumbi, na mmoja mfupi, umelainika kwa kushikwa. Alinyoosha mkono bila kuangalia, akachukua mfupi. Aliupima ubao, akaweka alama, akakata.

Nilijua ule ufito. Nilimwona akiukata siku ile ya jeneza, kando ya mtoto wake.

Kijana mwenye haraka angesema pale pale, "Barasa, umeshika ufito wa Nekesa." Angekuwa sahihi, na angefukuzwa na msumeno. Mimi nilisema hivi: "Barasa, kiti chako kimoja kinayumba. Mteja wangu karibu aanguke. Kesho njoo ukione." Fundi hawezi kukataa kuangalia kazi yake inayoharibika. Kiti hakikuwa kinayumba. Jioni ile nilikilegeza mguu mwenyewe, na sioni haja ya kuomba msamaha.

Alikuja na nyundo. Alipindua kiti, akaugonga mguu, akakirudisha, akakikalia kukijaribu. Nami nikakalia cha pili. Sinia ilikuwa katikati. Mafundi wa masanduku walikuwa wameshika kazi, na kelele ilikuwa nzuri kabisa.

"Kimekaa," alisema. Hakuinuka.

"Kimekaa," nilisema.

Alichambua maharagwe mengi. Kisha akasema, "Mama Kevo amekuambia."

"Amenipigia kelele."

"Sijui nini kinatokea. Naanza kitanda kizuri, nakimaliza ni kidogo. Mikono imekataa kufanya cha mtu mkubwa." Alicheka kidogo, na hicho kicheko sikukipenda. "Lakini si neno. Kuna kazi moja imebaki, hiyo nimepima vizuri. Kwa tepu."

"Kazi ya nani?"

Aliokota jiwe kwenye sinia, akalitenga. Hapo nikamkumbuka Madam Akinyi na lile zoezi la darasani. Nikauliza kwa maneno yenyewe: "Barasa, unafikiria kujiua?"

Nyundo ziliendelea. Barasa alitazama mlango. "Mbao ziko tayari," alisema. "Nimezikata zangu. Mvule. Ziko nyuma ya karakana chini ya gunia. Seremala hawezi kuzikwa kwa saiprasi, ndugu yangu, watu watacheka." Halafu nyundo zikasimama, maana ilikuwa saa ya chai, na tukabaki tumekaa katika ule ukimya, wanaume wawili. Benchi la nje lilikuwa limejaa watu.

Nilitaka kuleta habari za mpira, nikashindwa. Barasa ndiye aliyesema, kwa sauti kubwa, "Na hawa AFC watapanda lini?" Kisha akainama, akaweka uso kwenye mikono iliyojaa vumbi la maharagwe, akalia. Aliyekuwa kwenye benchi nje akajibu, "Hawapandi, Mzee!" Tukaachia hapo mpaka nyundo ziliporudi.

Sikilizeni sasa kazi yenyewe. Sikumwambia aache mawazo mabaya. Sikumwambia Nekesa yuko mahali pema. Nilimuuliza kama kuna siku ameipanga, na kama mkewe anajua. Mkewe hakujua. Nilifunga kibanda, nikawaomba waliokuwa kwenye benchi warudi kesho, nikaenda naye nyumbani, akamwambia mkewe kwa kinywa chake, mimi nikiwa nimekaa kando yake. Kisha tulikwenda zahanati sote watatu, nikakaa nao mpaka muuguzi akamwona na kumpeleka kwa daktari wa akili hospitalini. Shemeji yake alihamia kwao kwa muda. Msijaribu kumbeba mtu wa namna hiyo peke yenu. Mimi ni hodari, na sikumbeba peke yangu.

Zikabaki mbao. Mkewe alitaka zichomwe. Barasa alikaza mdomo, na nikaona kwamba zikichomwa atatafuta nyingine. Nikamwambia, "Barasa, uliniazima viti. Niazime na hizi mbao. Chumba changu kinahitaji kitu cha kuegemeza ukutani."

"Utazirudisha?"

"Nimewahi kukaa na kitu cha mtu?"

"Viti vyangu unavyo mpaka leo," alisema, na mkewe akacheka akiwa analia.

Nilizibeba mwenyewe begani kupitia njia ya reli, na watu wakauliza kama nimeacha ushauri nikawa seremala. Nikaziegemeza ukutani kando ya pazia la Shosho Wanjiru. Kila wiki Barasa alikuja. Alikaa kwenye kiti chake, mbao zake ziko nyuma ya mgongo wake, na tukaongea juu ya Nekesa: alivyoimba vibaya kanisani kwa sauti ya juu, alivyokataa ugali mpaka uive kabisa. Alimeza dawa za hospitali alizopewa, akilalamika. Ule ufito mfupi sikumwambia autupe. Siku moja alikuja akasema ameufunga kitambaa cha sare ya shule na kuutundika juu, karibu na paa, mahali mkono haufiki bila ngazi. Kitanda kilichofuata kilitoka kirefu. Mama Kevo alibadilishiwa chake, na mumewe alilala kama mtu.

Miaka ikapita, na mbao zikabaki pale. Kila mwaka Barasa aliniuliza kama ninazo, nikasema ninazo. Hakuziomba, wala sikuzitoa. Wateja waliokuja baadaye walidhani ni mapambo.

Nilipoamua kustaafu, niliamua pia kwamba sitaacha chumba chenye kitu cha kuazima. Nyinyi mtaanza na vyenu. Saa niliirudisha kwa mchungaji, ambaye sasa ni mzee, na akaniambia mbele ya waumini kwamba ile kazi, kumbe, ina wenyewe wawili. Niliikubali sifa hiyo, ninastahili. Pazia nililifua, nikalipeleka Kawangware. Ploti ya Shosho Wanjiru sasa ni ghorofa ya mawe. Alilishika, akalinusa. "Haiya! Hili pazia nilikuwa nimelisahau. Kwani hao watu walikuwa wanakuja kweli?"

"Walikuja, Shosho."

"Na Mama Njeri aliwaachia nafasi ya kuongea?" Akacheka mpaka akakohoa.

Kwa Barasa nilikwenda mwisho. Kijana wa mkokoteni alibeba viti viwili na zile mbao za mvule, na mimi nikatembea mbele, sioni haya kusema, nikiwa na wasiwasi kuliko siku yangu ya kwanza. Viti havikunisumbua. Mbao ndizo. Nilikuwa nimemwahidi kuzirudisha, na mtu akikuazima kilicho kizito namna ile, huwezi kumnyima kwa kudhani unamjua kuliko anavyojijua.

Barasa alipoona mkokoteni aliweka randa chini. Mvi zilikuwa zimejaa kichwani. Juu karibu na paa niliona kile kitambaa cha sare, kimefifia.

"Mulembe, Dakta."

"Mulembe. Viti hivi hapa. Sikushindwa."

"Ulishindwa kuvitunza. Tazama huu mguu." Kisha akazitazama mbao. Alipitisha kiganja juu yake polepole. "Zimekauka vizuri," alisema. "Mbao kama hizi siku hizi hupati."

"Barasa."

"Niulize tu. Naona linakuwasha."

"Unafikiria kujiua?"

"Hapana," alisema. "Kuna siku zinakuwa mbaya. Huwa namwambia Mama Nekesa. Lakini hapana." Nilimtazama kama nilivyozoea kutazama, nikamwamini. Ndipo nikamwambia mwenye mkokoteni azishushe.

Barasa alizipanga mbao sakafuni, moja kando ya nyingine. Akatoa penseli nyuma ya sikio. "Sasa lala hapo."

"Nilale?"

"Umestaafu. Kazi yako sasa ni kulala. Utalala kwa kitanda cha nani, cha dukani? Lala nikupime, mbona unanichelewesha?"

Mafundi wenzake walisimamisha kazi kutazama. Nililala chali juu ya mbao zile, na koti langu zuri, nikiangalia mabati. Zilikuwa fupi kidogo kwangu, maana Barasa ni mfupi, jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Akaguna, akaleta ubao mwingine wa mvule, akauunganisha mwishoni. Akachukua ufito mpya ambao haujakatwa, akaulaza kando yangu, kichwa kwa kichwa. Akaupitisha kwenye magoti, akaupitisha kwenye visigino, akaongeza shubiri nzima, na hapo ndipo akaweka alama.